Nikaiachia Saa Iniamulie

Wiki iliyopita niliwaacha pabaya. Niliwaacha shangazi amenifumania chini ya meza ya karakana, saa ya mteja iko wazi mkononi, springi yake nimeibana kwa meno, nami namwapia kwamba nasafisha meno.

Barua zenu nimezipata. Mmoja kaniita mwizi wa saa. Mwingine kashauri nipelekwe hospitali. Kabla hamjanifikisha huko, ngoja niwapange vizuri waliochelewa kuingia kwenye kisa hiki.

Baba yangu ni fundi saa. Simzungumzii fundi wa kubadilisha betri na kukata mkanda. Huyu ni fundi wa saa zenyewe, zile za kutia ufunguo, zenye magurudumu madogo kuliko punje ya mchele. Watu wanatoka mbali kumletea saa za babu zao. Mama alifariki nikiwa darasa la nne, kwa hiyo nyumbani tuko watatu tu: baba, mimi, na shangazi, dada yake baba, ambaye mtaa mzima unamwita Kipaza Sauti.

Mimi wananiita Dakika Moja. Tangu utotoni nikiitwa hujibu hivyo, na nikishajibu hivyo, usinisubiri.

Na siri yangu ni hii. Mikono ya baba inatetemeka. Ilianza mwaka jana, kidogo tu, kwenye kikombe cha chai. Baadaye ikahamia kwenye kibano. Saa alizokuwa anazitengeneza zikaanza kurudi: hii inakimbia, hii inasimama, hii mshale wake unakwangua kioo. Sikuweza kuvumilia kumwona mteja akimwangalia baba yangu vile.

Basi kila siku saa nne asubuhi, baba akienda kunywa chai kwa fundi viatu jirani yetu, mtu mmoja tunayemwita Gundi, mimi nafungua droo ya saa zilizokwisha tengenezwa na kuzitengeneza upya. Nina nusu saa tu. Ndiyo maana siku nyingine natumia meno.

Miezi minane sasa. Mteja haoni, baba hajui, na fundi ameendelea kuwa fundi.

Halafu ikaja ile barua.

Nipo mwaka wa tatu kwenye chuo cha hapa hapa mjini, vipindi vya jioni, nasomea ufundi wa vifaa vya hospitali. Kiwanda kimoja kinachotengeneza pampu ndogo za kudondoshea watoto wachanga dawa kilinikubali kwa mafunzo ya vitendo, miezi mitatu yote ya likizo ndefu. Kiko mbali. Ni siku mbili njiani, basi halafu treni. Walichukua wanafunzi sita, na mmoja wao ni mimi. Barua ilisema nipige simu kabla ya Ijumaa saa kumi jioni, vinginevyo nafasi anapewa mwingine.

Nataka kwenda. Nawaandikia ninyi kwa sababu hapa nyumbani sijawahi kulitamka.  Ile barua nimeisoma hadi mikunjo yake imetoboka.

Lakini nikienda, nani atafungua ile droo saa nne?

Na nikisema kwa nini siwezi kwenda, nitakuwa nimemwaga siri ya mikono ya baba mbele ya shangazi, na shangazi mnajua anaitwaje.

Sasa twende kwenye Ijumaa yenyewe.

Niliamka na mpango mmoja tu kichwani: kutafuta kisingizio cha kutosha. Shangazi nilimkuta sebuleni na futi ya kushonea, anapima mlango wa chumba changu.

“Shikamoo shangazi.”

“Marahaba. Shika huku ncha.”

Nikashika.

“Cherehani inaingia,” akasema. “Na meza ya kukatia inaingia. Kitanda tutakisimamisha ukutani.”

“Shangazi, sijasema naenda.”

“Hujasema nini? Mtaa mzima unajua unaenda. Mama muuza vitumbua kashalia.”

“Nani kamwambia?”

“Aliniuliza, nikamjibu. Ulitaka nimdanganye mtu mzima?”

Nikajaribu baridi. Nikamwambia huko kuna baridi kali na mimi kifua changu mnakijua. Shangazi akaingia chumbani kwake, akatoka na sweta la buluu, mikono mirefu mpaka magotini.

“Nilijua utasema hivyo. Nimelimaliza jana. Vaa.”

Nikajaribu chakula. Nikasema siwajui watanipikia nini.

“Utapika mwenyewe, una mikono.”

Neno mikono likanichoma. Nikavua lile sweta, nikashika njia ya karakana.

Karakana yetu ni chumba kimoja chembamba, mlango mbele, ukuta nyuma, dirisha hakuna. Kuta zote zina saa za wateja, na kila moja inasema lake. Mgeni akiingia anapata kizunguzungu. Sisi tunaiamini moja tu, ile kubwa ya mviringo iliyo juu ya mlango. Baba huita ile saa Mkubwa. Mkubwa akisema saa tano, ni saa tano.

Na hapo mlangoni kuna kopo la biskuti. Ukiingia, simu yako unaitumbukiza koponi, uwe mteja au mtoto wa mwenye duka. Simu ina sumaku ndani, na saa ya springi ikipata sumaku inachanganyikiwa inaanza kukimbia. Kwa hiyo kwetu hakuna anayetazama saa kwenye simu. Ukifanya hivyo mbele ya baba, ni kama umemtukana.

Nikatumbukiza simu yangu. Siku hiyo niliifurahia sana ile sheria. Ile simu nilikuwa naiogopa.

Baba alikuwa ameshakaa, lenzi jichoni, mbele yake saa ya mkunga. Ni saa ndogo ya fedha, ya kubandika kifuani kwa pini, na yule mama amehesabia mapigo ya moyo ya watoto wa mtaa huu wote, mimi nikiwemo. Angekuja kuichukua saa kumi na nusu.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba, Dakika.”

 Mimi nikakaa nasugua mikanda ya saa ambayo ilikuwa safi tangu Jumatano, nikisubiri saa nne afike kwa Gundi nami nipate nusu saa yangu.

Saa nne ikafika. Baba hakuinuka.

Saa nne na robo, Gundi mwenyewe akachungulia, brashi mkononi. “Mzee, chai inapoa.”

“Leo sinywi.”

“Unaumwa?”

“Nina kazi.”

Gundi akaniangalia, mimi nikaangalia mkanda. Baba hajawahi kuikosa ile chai hata siku ya mafua.  Saa ya mkunga hiyo pale mezani, haijafunguliwa na mimi, na mwenyewe anakuja jioni.

Saa saba kasoro baba akanituma chakula. Nilikuta foleni ndefu, mbele yangu bibi mmoja anabishana na mpishi kuhusu ukubwa wa kipande. Simu niliiacha koponi makusudi. Niliporudi, Mkubwa alikuwa anasema saa nane na nusu. Nilimlaani yule bibi kimoyomoyo, nikamwomba baba radhi kwa kuchelewa, tukala.

Baada ya hapo sikufanya kitu kingine isipokuwa kumtazama Mkubwa.

Hapa ndipo ninapotaka kuungama, na mniwie radhi wale mlioniona shujaa. Sikukata shauri. Sikusema naenda, sikusema siendi. Kopo lilikuwa hatua nne kutoka nilipokaa. Ningeweza kuinuka nikapiga nikakataa kama mtu mzima, watu wa kiwanda wakampa nafasi mtu mwingine mapema. Sikuinuka. Niliona raha saa ifike yenyewe, nafasi iende yenyewe, halafu mimi niwe mtu aliyepatwa na bahati mbaya.

Saa tisa. Tisa na nusu. Kumi kasoro robo nilikwenda chooni nikarudi. Kumi kasoro tano nikaanza kupanga bisibisi kwa ukubwa.

Saa kumi kamili.

Nilidhani nitashusha pumzi.  Badala yake niliona lile jengo ambalo sijawahi kuliona, na wale wanafunzi watano wanashuka kwenye treni, na wa sita si mimi. Macho yakaniwasha. Nikajikaza kisabuni, nikaendelea na bisibisi zangu.

Saa kumi na dakika tano baba akavua lenzi.

“Wale watu wa kiwanda wamesemaje?”

“Nilipiga asubuhi,” nikasema, bila hata kupepesa. “Nafasi zimejaa.”

“Zimejaa?”

“Eeh. Mama mmoja kaniambia nijaribu mwakani.”

“Kasema mwakani?”

“Kasema mwakani.”

 Baba akavuta kigoda mpaka mlangoni, akapanda, akafungua kioo cha Mkubwa. Kisha mtu huyu, ambaye maisha yake yote amenikataza kurudisha mshale wa saa nyuma, akaweka kidole kimoja kwenye mshale mrefu akausukuma nyuma mzunguko mzima.

Ikawa saa tisa na dakika tano.

“Baba, unafanya nini?”

“Naisahihisha. Niliipeleka mbele ulipokwenda kuchukua chakula.”

Nikaruka koponi. Simu yangu hiyo, saa tisa na dakika tano. Nikaangalia nje, jua bado kali, watoto wa shule ndio kwanza wanapita na mabegi.

“Kwa nini umefanya hivyo?”

Akashuka taratibu, akishikilia ukuta. “Kwa sababu nakujua, mwanangu. Wewe hukatai jambo. Unalisubiri lipite. Nikasema leo nitampitishia, aone lilivyo likishapita. Umeonaje?”

“Vibaya,” nikasema.

“Nimekuona. Bisibisi ile moja umeipanga mara sita.”

Ningecheka siku nyingine. Nikakaa.

“Na hiyo simu ya asubuhi?” akauliza.

“Sikupiga. Nimekudanganya baba, nisamehe.”

“Haya. Sasa una karibu saa nzima. Piga useme unaenda.”

“Siendi.”

“Baridi?”

“Siyo baridi.”

“Chakula? Shangazi yako kaniambia chakula.”

“Baba, siwezi kwenda, basi. Niache.”

Baba hakugomba. Alivuta droo yake mwenyewe, ile ya chini ambayo sikuwahi kuigusa, akatoa saa tatu za mkono za wateja, zilizowahi kutengenezwa hapa na sasa zimerudi kusafishwa. Akazifungua mifuniko ya nyuma mojamoja, kwa shida, akanisogezea na lenzi.

“Tazama.”

Hapa inabidi niwaeleze jambo la kazi yetu. Fundi saa akimaliza kutengeneza saa, huchora alama yake ndani ya mfuniko, ndogo sana, kwa sindano. Fundi atakayeifungua baadaye atajua nani alipita. Alama ya baba ni ndoano. Yangu ni mistari miwili na nukta, alinichagulia mwenyewe nikiwa na miaka tisa, na akanifundisha kwamba saa isiyo na alama ya fundi haijakwisha.

Nikatazama mfuniko wa kwanza. Ndoano ya baba. Pembeni yake, imechorwa vizuri kabisa, mistari miwili na nukta.

Wa pili, vilevile. Wa tatu, vilevile.

Wasomaji, nimeficha jambo miezi minane. Nimelala chini ya meza, nimebana springi kwa meno, nimemdanganya shangazi. Na kila saa niliyoitengeneza kwa siri, nikaitia sahihi. Mkono ulikuwa unachora wenyewe, mimi hata sikumbuki.

“Umejua lini?” Sauti ilitoka nyembamba.

“Mwezi wa tatu. Saa ya mwalimu mkuu ilirudi kukazwa mkanda, nikaifungua.”

“Miezi mitano umenyamaza?”

Baba akaiangalia mikono yake iliyokuwa juu ya meza. Ilikuwa inacheza, na safari hii hakuificha chini.

“Nilikuwa naona haya. Halafu kazi zikawa hazirudi tena, wateja wananisifu, nikazoea.” Akaelekeza kidevu upande wa Gundi. “Unadhani mimi napenda chai ya Gundi? Chai yake ina harufu ya ngozi. Nilikuwa nakwenda kule nikupe nafasi. Nakaa nusu saa, natazama mlango, narudi. Nimekutumia, mwanangu, na nilikuwa najua ninachofanya.”

 Nililia. Nimeshawaahidi kusema kweli, basi nimesema.

“Leo sikwenda,” akasema, “na sitakwenda tena. Kusogeza mshale wa saa kubwa kwa kidole kimoja, hiyo mikono hii bado inaiweza. Hizi ndogo nitaona. Nikishindwa, nitamwambia mteja kwa mdomo wangu mwenyewe kwamba nimeshindwa. Naanza na mkunga. Wewe piga simu.”

“Nikusaidie hii moja tu, halafu—”

“Piga simu.”

Akavaa lenzi, akashika kibano. Saa ya mkunga ilikuwa imebaki skrubu mbili kufungwa. Mimi nikasimama mlangoni na simu, nikabonyeza namba. Ikaita.

Baba akaweka skrubu ya kwanza. Mkono ulitetemeka, ukasubiri, ukateremka. Skrubu ikaingia. Sijawahi kuona mtu amefurahi namna ile kwa skrubu moja. Akaniinulia kidole gumba bila kunitazama.

Simu ikapokelewa.

“Haloo,” sauti ya mama mmoja, ya haraka. “Utumishi hapa.”

“Haloo, shikamoo. Mimi ni yule mwanafunzi wa mafunzo ya vitendo, mliniandikia barua...”

“Aah! Nilishakufuta kichwani, kijana. Wenzako watano wamejibu tangu Jumatatu. Ninaye mwingine amekaa hapa hapa mbele yangu anaiomba nafasi yako. Haya, unakuja au huji?”

Baba akachukua skrubu ya pili.

Nikasikia kabla ya kuona. Kibano kikateleza, skrubu ikaruka, ikagonga kitu, ikatua sakafuni na kunyamaza. Baba akavua lenzi. Hakuniita. Akapiga magoti polepole, akaingia chini ya meza, mahali pangu pale pale, akaanza kupapasa sakafu kwa viganja.

“Usije huku,” akasema kutoka chini. “Ongea na mtu.”

“Haloo? Kijana, upo?”

Mimi niliiona skrubu. Ilikuwa imelala kando ya kiatu changu cha kulia, inang'aa. Baba alikuwa anapapasa upande mwingine kabisa, huku anapumua kwa nguvu.

“Nakuuliza kwa mara ya mwisho,” mama akasema, na nikasikia kalamu ikibonyezwa. “Niandike nini?”

Nikafungua mdomo. Neno likatoka lenyewe, kama linavyotoka tangu nikiwa mtoto.

“Dakika moja, mama.”

Chini ya meza, mikono ya baba ikaacha kupapasa.